Gia ya Tatu na Mguu wa Shangazi Nduku

Kioko na Mwikali, mmeniuliza mara tatu sasa, na mara zote nimewajibu nusu nusu kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika. Kwanza mliuliza mimi na shangazi tulipotelea wapi siku tisa. Halafu mkauliza kwa nini pikapu imerudi ile ile, na mimi niliondoka hapa Kanyangi nikimwambia kila mtu nitarudi na nyingine yenye redio. Jana mkauliza kwa nini betri yake imeandikwa MALI YA KANISA kwa rangi nyeupe. Maswali hayo yote yana jibu moja, lakini ni refu, na nikianza kulieleza sokoni lazima atokee mtu wa kunikatiza na salamu. Kwa hivyo nimekaa chini niandike. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, mtanivumilia.

Pikapu ya shangazi Nduku mnaijua. Mimi nayo tulizaliwa mwaka mmoja, sitini na sita, ila yenyewe imezeeka kuliko mimi. Kwa miaka yote mitatu ambayo nimeiendesha, nimekuwa nikiota nyingine. Naomba msinicheke. Mtu akiwa peke yake kwenye vumbi, mlango umefungwa kwa waya, anaota. Nimeota ya kijani, yenye vioo vinavyopanda na kushuka, tukibeba maembe mimi nayo mpaka Mombasa.

Sasa, msimu huu gia boksi ilianza kulia. Ukiingiza gia ya tatu inakaa kidogo, halafu "kwa!" inaruka yenyewe na gari linabaki likinguruma bila kwenda. Na ndengu zilikuwa zinakauka shambani. Shangazi, kama mwenyekiti wa akina mama kanisani, alikuwa ameahidi kubeba ndengu za wote mpaka soko la barabara kuu. Tusipozibeba sisi, atakuja yule dalali wa lori mwenye debe lililogongwa kitako mpaka likatoa tumbo, kila debe lake moja linakula debe na robo. Nyote mnamjua.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Mwingi, kwa Mzee Abdi mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye alikuwa na pikapu nyingine ambayo si ya zamani sana. Angechukua yetu, na juu yake tumwongezee Ndune, ndume mwekundu wa shangazi. Ya pili ni Kambu, kwa fundi Kasyoka, ambaye alikuwa na gia boksi iliyotolewa kwenye pikapu iliyoanguka, na hiyo shangazi angeimudu bila kuuza mnyama.

"Ndume ni wangu," shangazi aliniambia, "lakini utakayeendesha ni wewe. Tutaenda kote kuwili tuone kwa macho. Neno la mwisho nakuachia."

"Neno langu unalo tayari, aunti. Tubadilishe."

"Na Ndune?"

Ndune nilimlea mimi. Mama yake alikufa kwa ukame, nikamnywesha maziwa ya mbuzi kwa kikombe mpaka akawa ndume wa jembe. Lakini nilikuwa naiona ile ya kijani mbele ya macho.

"Ng'ombe ni ng'ombe tu," nilisema. Kumbukeni nilisema hivyo.

Kanyangi hadi Kitui

Tuliondoka asubuhi na sufuria ya mahindi ya muthokoi iliyofungwa kwa leso, jerikeni nne za maji ya redieta, na kuku mmoja ambaye sikuambiwa anaenda kwa nani. Kufika mlima wa kwanza, gia ya tatu ikaruka. Nikairudisha. Ikaruka.

"Ishike kwa mkono," shangazi akasema.

"Nikiishika kwa mkono, usukani nitaushika na nini?"

Akavua kiatu. Akanyoosha mguu wake wa kulia, akaweka unyayo nyuma ya fimbo ya gia, akasukuma mbele na kukaza. Gia ikatulia. Hivyo ndivyo tulivyosafiri siku tisa: nikipaza sauti "ya tatu!" mguu unakuja, nikisema "toa!" mguu unaondoka. Shida ni kwamba shangazi akipumzika husinzia, na akisinzia mguu haulegei. Mara mbili nilitaka kurudi gia ya pili kwenye kona nikamkuta amelala amekaza goti kama nguzo ya lango.

"Aunti! Toa!"

"Usinipigie kelele, mimi si ng'ombe."

Jambo lingine ni salamu. Yeye hampiti mtu anayemjua, na kutoka Kanyangi hadi Kitui anawajua wote. "Simama, huyo ni mama ya Mbithe." Nasimama. Pikapu ikisimama inachemka, na ikichemka tunangoja ipoe, na tukingoja mama ya Mbithe anatuletea uji. Uji haukataliwi. Tulifika Kitui saa tisa mchana na tumbo limejaa uji wa nyumba nne, na muthokoi yetu hatujaifungua. Kuku alishuka mahali fulani katikati, hata sikuona.

Kitui hadi Mwingi

Tulilala Kitui kwa binamu. Kesho yake barabara ya Mwingi ilikuwa imechimbwa na malori mpaka ikawa kama ubao wa kufulia nguo. Kila kitu ndani ya pikapu kilikuwa kinapiga makofi. Mimi nilikuwa nimefurahi hata hivyo. Nilikuwa napiga mluzi, nikiiaga pikapu kimoyomoyo, nikiiambia asante kwa kazi, sasa pumzika.

"Unafurahi sana," shangazi akasema.

"Nimefurahi kwa sababu mguu wako utapumzika."

"Mguu wangu haujakulalamikia."

Kadiri tulivyokaribia Mwingi ndivyo alivyozidi kugeuka kuangalia nyuma ya kiti, pale pa kuwekea jeki. Nilidhani anatafuta leso. Jeki yenyewe ilipotea kabla sijaanza kuendesha, na pale nyuma sikuwa nimewahi kutia mkono, kwa sababu kuna giza na nina woga wa nge.

Mwingi, siku tatu za kungoja

Pikapu ya Mzee Abdi haikuwepo. Ilikuwa imeenda minadani na dereva wake.

"Atarudi leo," Mzee Abdi akasema. Ni mtu mrefu, mpole, ndevu amezitia hina. "Ingieni, mpumzike."

Leo ikawa kesho, kesho ikawa kesho kutwa. Siwezi kusema tulikaa vibaya. Tulipewa chumba, tukapewa chai ya maziwa ya ngamia yenye viungo inayokuamsha mpaka masikio. Lakini chakula kilituletea taabu. Shangazi alikaribishwa wali na mbuzi, akasema kama tunavyosema kwetu, "Hapana, asanteni, nimeshiba," akingoja kusihiwa mara ya pili. Wakamwamini. Sahani ikaondoka. Mimi nilifundishwa nyumbani nisiache chakula cha watu, nikamaliza. Wakaniongezea. Nikamaliza, ili nisiwaudhi. Wakaniongezea tena. Shangazi akanitazama kwa macho ya njaa, na mimi nilikuwa nikimwangalia kwa macho ya mtu anayezama.

"Kesho," akaninong'oneza chumbani, "mimi nitakubali mara moja, na wewe acha kitu kwenye sahani, umesikia? Tutakufa, mmoja kwa njaa, mmoja kwa shibe."

Siku ya tatu dereva alifika. Anaitwa Mutemi, Mkamba mwenzetu wa Mwingi, kijana mwenye mikono mikubwa. Na pikapu, jamani! Haikuwa ya kijani, ilikuwa ya rangi ya maziwa, lakini vioo vilipanda na kushuka. Gia ziliingia kama kisu kwenye siagi. Kulikuwa na shimo la redio, na redio yenyewe Mutemi alikuwa nayo kwenye kitambaa. Niliketi mle ndani nikashindwa kushuka.

"Na huyo ndume," Mzee Abdi akauliza, "ni wa kunenepa?"

"Ni mkubwa," nikasema. "Analima kutwa nzima bila kuketi."

"Vizuri. Ataenda na wengine Mombasa kwa lori. Huko wanachinja kila siku, nyama haikai."

Alisema tu kama mtu anayesema mvua inakuja. Nilikuwa nimejidanganya, sijui kwa nini, kwamba Ndune angeenda kulima shamba la mtu Mwingi.

Lakini nilipandisha kioo, nikakishusha. Pikapu ilikuwa nzuri mno.

Basi Mutemi akasema na yeye aitazame yetu. Akalala chini, akainuka, akasema anataka kuinua gurudumu asikie gia boksi. "Jeki iko wapi?"

"Ilipotea zamani," nikamwambia.

"Labda iko tu nyuma ya kiti." Na kabla sijamzuia akatia mkono. Akashika kitu. Akainama kutazama. Halafu akaruka nyuma akagonga kichwa kwenye mlango, akaenda kusimama mbali akipangusa mkono kwa mchanga, mara mbili, mara tatu.

"Ni nge?" nikauliza.

"Kithitu!" akasema. "Mmeniletea kithitu!"

Nilichungulia kutoka mbali. Kulikuwa na pembe ya mbuzi, imefungwa kitambaa chekundu mdomoni, na manyoya ya kuku, yote yamebanwa kwa waya kwenye chuma. Sina haja ya kuwaambia ninyi kithitu ni nini. Kile kiapo aliyekigusa bila haki huanza kuzika watu wa nyumba yake. Na mimi nilikuwa nimekiegemeza mgongo miaka mitatu.

Mzee Abdi alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mimi hayo si yangu," akasema. "Lakini anayeendesha ni Mutemi. Kama yeye haigusi, mimi nitaifanyia nini? Nitaiweka uani ifuge kuku?"

"Mimi siwezi shika hiyo gari," Mutemi akasema. "Mzee, hata ukinifukuza."

Nilimgeukia shangazi aseme kitu, yeye mwenyekiti wa akina mama, mtu wa maombi ya Jumatano. Shangazi alikuwa akitazama viatu vyake.

Mwingi hadi mto wa mchanga

Tuliondoka. Niliendesha nimekaa mbele kabisa ya kiti, kifua kimegusa usukani, ili mgongo usiguse nyuma. Nilikuwa nikitafuta adui. Ni nani ametuwekea? Dalali wa debe? Nilitaja watu kumi, na shangazi akisema tu, "Angalia barabara."

Tulilala tena Kitui, hatukumwambia binamu chochote. Siku iliyofuata tukashika ile barabara ndefu ya kusini, ya Mutomo na Ikutha. Malori yalitupita, yakapiga honi isiyo ya kawaida. Dereva mmoja alitoa mkono dirishani akafanya ishara ya msalaba, na sidhani alikuwa Mkatoliki. Nikaelewa kwamba Mutemi ana marafiki wengi.

Tulipofika kwenye mto mmoja wa mchanga, ule mkavu, mpana kama uwanja wa mpira, tulizama katikati. Magurudumu ya nyuma yalijichimbia kaburi. Jua la saa saba. Mguu wa shangazi bado uko kwenye gia ingawa injini imezima.

"Toa, aunti. Hakuna gia tena."

Kando ya mto, akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, kama ishirini hivi, walikuwa wakichimba matuta kwenye shamba la mwenzao, wakiimba. Walituona. Waliacha kazi wakashuka na majembe mabegani, wakicheka.

"Kijana, umekuja kulima mto?" mkubwa wao akaniuliza. "Haya, ingia ndani, shika usukani. Sisi tunasukuma."

Wakaizunguka pikapu. Mikono ishirini ikawa inakuja. Na mimi nikawatazama, mama za watu, mwingine ana mtoto mgongoni, na sikuweza.

"Mama zangu, msishike!" nilipiga kelele. "Kuna kitu ndani. Kuna kithitu."

Mikono yote ilirudi nyuma kwa mara moja.

"Mutinda, nyamaza!" Shangazi alisema. Halafu akashusha sauti, akaegemea kwangu. "Si kithitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliweka. Unakumbuka ile mwaka waliiba betri mara mbili? Hukumbuki, ulikuwa shule kwa kina baba yako mdogo. Nilichoka. Nikatafuta pembe kwa mchinjaji, nikatia majivu ya jikoni, nikafunga kitambaa. Halafu nikamwambia mtu mmoja tu, kwa siri."

"Nani?"

"Mama ya Mbithe."

Kumwambia mama ya Mbithe kwa siri ni sawa na kupanda kwenye meza sokoni.

"Kwa hivyo Kanyangi yote inajua?"

"Isipokuwa wewe. Na mchungaji."

Ndipo nilipokukumbuka wewe, Kioko, jinsi ambavyo hujawahi kukubali kuketi mbele, ukisema unapenda upepo wa nyuma. Upepo! Ulijua! Na wewe, Mwikali, uliyekuwa ukinipa ndizi kupitia dirishani mkono umenyooka kama unamlisha mamba. Mlijua wote, na hamkuniambia. Nilikaa mle mtoni nikiwa na hasira za kugawia watu wengi nisijue nianzie wapi.

"Mbona hukusema Mwingi?" nilimwuliza.

"Ningesema nini mbele ya mgeni? Mama yake Mutemi tunakutana naye kwenye mikutano ya injili." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hilo likanimaliza hasira, nikakasirika kwamba imeisha.

Shangazi akashuka, akawaeleza wale akina mama kwamba ni majivu tu, ni ujanja wa kuwatisha wezi. Wakamsikiliza kwa heshima. Wakatazamana.

"Tumekuamini, mwaitu, mama yetu," mkubwa wao akasema. "Lakini tuna watoto."

Wakajadiliana kando. Halafu wakageuza majembe, wakaweka ncha za mipini kwenye bodi la nyuma, mipini ishirini, wakaisukuma pikapu bila kidole hata kimoja kugusa bati, wakiimba wimbo wao ule ule wa matuta. Tulitoka. Upande wa pili nilitaka kushuka niwape mkono wa asante. Wakaniambia kwa adabu nisisumbuke.

"Basi tuing'oe hiyo pembe tuitupe hapa hapa," nilimwambia shangazi.

"Tukiitupa hapa nani ataona? Mutemi amekwisha kutangaza. Ikitoka, itoke mbele za watu." Akavuta pumzi. "Na mimi ndiye nitakayeitoa. Ya tatu, ama hutaki?"

Na mguu ukaja.

Kambu

Kambu mnaijua kwa kupita: malori yamepangwa pande mbili za barabara kuu, moshi wa nyama, akina mama wanakimbia na machungwa kwenye mabeseni. Tuliingia alasiri. Fundi Kasyoka alikuwa chini ya lori, tukaona viatu tu. Viatu vikasema, "Ni ile ya samawati ya Kanyangi?"

"Ndiyo, fundi."

"Isimamishe mbali na hema yangu."

Habari ilikuwa imefika kabla yetu, tangu jana yake. Kasyoka alitoka, mfupi, uso mzima mafuta, akatusalimia vizuri, akatuletea viti, akaagiza chai. Akasema gia boksi iko, akatuonyesha, iko kwenye gunia, safi. "Lakini hiyo gari mimi siiwekei spana. Nina bibi mmoja na watoto sita. Nikose kazi, sawa."

Shangazi alimaliza chai yake. Akaweka kikombe chini, akafunga leso vizuri kiunoni. Akaenda akasimama kando ya pikapu, akaanza kusema kwa ile sauti ya kanisani inayofika mlango wa nyuma.

"Mimi naitwa Nduku. Natoka Kanyangi. Nimeokoka, na ni mwenyekiti wa akina mama. Na mimi ni mwongo."

Machungwa yalisimama. Madereva wakatoka kwenye vibanda na mifupa mkononi.

Alisema yote. Betri, mchinjaji, majivu, mama ya Mbithe. Alisema ameomba Jumatano baada ya Jumatano kwa Mungu ailinde gari, na kila akirudi nyumbani anaangalia kama pembe bado iko. Halafu akaingiza mkono nyuma ya kiti, akavuta, waya ikamkata kidole, akavuta tena. Watu wakarudi hatua tatu. Akafungua kile kitambaa, akamimina majivu kwenye kiganja.

"Haya. Jiko langu hili."

"Mama, hata mchawi anaweza kusema hivyo," dereva mmoja akapayuka.

Shangazi akamtazama. Akachovya kidole kwenye majivu, akaramba. Akachovya tena, akaramba.

"Asi!" umati wote ukasema.

"Inahitaji chumvi," shangazi akasema.

Nilicheka peke yangu. Nikaenda nikasimama naye, nikachovya na mimi. Ni majivu ya kuni, hayana lolote, yanakwama kwenye meno.

Kasyoka alikuna kichwa. "Ni vizuri," akasema. "Ni vizuri sana. Tungoje mpaka asubuhi tuone."

Asubuhi fundi alikuja mapema, na madereva kadhaa ambao nadhani walichelewesha safari kwa makusudi. Walimkuta shangazi hai, akimgombeza mwenye hoteli kwamba chai ni ya rangi tupu. Kasyoka akatabasamu akaenda kuchukua spana.

Ndipo lori la ng'ombe likaingia likitoka Mwingi, linakwenda Mombasa. Aliyeruka chini alikuwa Mutemi, na kabla hajapiga miayo alikuwa ameshaambiwa yote na watu watano. Alimtazama shangazi kwa muda mrefu, kama mtu anayehesabu viungo vyake.

"Uliramba, mwaitu?"

"Niliramba. Na huyu pia."

"Basi mimi sina shida tena. Mzee aliniambia, ikiwa ile kitu itatoka, maneno ni yale yale. Pikapu iko. Nikirudi Jumapili napita Kanyangi kuchukua ndume, namaliza."

Kasyoka akashusha spana. Shangazi akanigeukia.

"Mutinda. Nilikuambia neno la mwisho ni lako."

Nilikuwa na ile pikapu ya maziwa kichwani, vioo vikipanda na kushuka. Nilikuwa tayari kusema. Lakini kutoka kwenye lori kulikuwa na kelele, ndume mmoja alikuwa ameanguka katikati ya wengine na wanamkanyaga, na turniboi, msaidizi wa Mutemi, anamchoma kwa fimbo kupitia kwenye mbao ili asimame. Nilienda kutazama. Sijui kwa nini nilienda. Alikuwa ameweka kichwa kwenye ubao, na jicho moja linanitazama. Hakuwa mwekundu hata, alikuwa mweusi, hakufanana na Ndune kwa lolote. Ila alikuwa na alama ya nira shingoni, pale nywele zinapoisha. Alikuwa amelimia mtu.

Nilirudi. Macho yalikuwa yamelowa, na nikakasirika, kwa sababu watu wananitazama na mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na moja.

"Tengeneza," nilimwambia Kasyoka.

"Gia boksi tu?" akauliza. "Hiyo injini nayo ni mzee, kijana. Leo gia, kesho kitu kingine. Hautalala."

"Tengeneza tu."

Mutemi alishangaa. "Yenye redio unaiacha?"

"Naiacha."

"Kwa ajili ya ng'ombe?"

Shangazi alijibu: "Kwani wewe ulikimbia kwa ajili ya nini? Pembe ya mbuzi." Wote wakacheka, hata Mutemi, na mimi nikapata nafasi ya kujipangusa uso.

Kazi ya siku moja ilichukua mbili, maana boliti moja ilikosekana ikabidi itafutwe Kibwezi, aliyetumwa akakutana na harusi. Sitaki kuieleza hiyo.

Kambu hadi nyumbani

Gia ya tatu iliingia ikakaa. Nilipanda mlima wa Ikutha nikiimba. Kwenye mto wa mchanga nilipita kwa kasi bila kuzama, nikapiga honi kwa wale akina mama wa mwethya, wakapunga majembe. Mara kwa mara, nikibadilisha gia, mguu wa shangazi ulikuja wenyewe.

"Aunti, haihitaji tena."

"Najua. Ni mazoea," akasema, na hakuuondoa.

Tulifika Kanyangi siku ya tisa. Ndune alikuwa zizini, akanitazama kama mtu ambaye hajakosa usingizi hata siku moja. Habari za Kambu zilikuwa zimefika kabla yetu, bila shaka, pamoja na ile ya chumvi. Watu walikuja kutuamkia, wakapita mbele ya pikapu, na kwa mara ya kwanza tangu niiendeshe nikaona watu wanaiegemea. Watoto wakapanda. Nilifurahi. Nilisema, sasa ni gari la kawaida.

Asubuhi ya pili betri haikuwepo.

Nilikaa chini penye vumbi nikaangalia zile waya mbili. Miaka yote ile hakuna aliyegusa hata kifuniko cha redieta. Tumesema ukweli siku moja, betri imeenda. Na ndengu zimekauka, na dalali ameonekana sokoni na debe lake.

Jioni alikuja Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa, yule anayetunza kipaza sauti. Alikuwa amebeba betri ya kipaza sauti kichwani, juu ya kata, mwenyewe, na umri ule. Akaitua polepole.

"Mtaitumia Jumatatu hadi Jumamosi," akasema. "Jumamosi saa kumi na moja iwe imerudi, mchungaji asije akahubiri bila sauti. Kila siku ukimaliza kazi, Mutinda, uing'oe ulale nayo chumbani. Ndengu za bibi yangu pia ziko."

Tulimshukuru. Shangazi alilia kidogo, safari hii bila kujificha. Mzee Kilonzo alikunywa chai, akasifu ushuhuda wake wa Kambu, akasema umewajenga wengi. Akaomba. Akaaga. Akafika mlangoni, akasimama, akakohoa.

"Nduku."

"Naam, Mzee."

"Ile pembe. Uliiacha wapi?"

"Niliitupa kule kule Kambu."

Mzee Kilonzo alitazama betri ya kanisa, akaitazama pikapu, akatazama barabara pande zote mbili.

"Mngerudi nayo tu," akasema, akavaa kofia yake.